Mtoki umevimba, nichue?

SWALI: Dokta shikamoo. Niko Majengo hapa Moshi, juzijuzi nilikanyaga msumari shambani, kidonda kimeanza kupona ila sasa nna uvimbe kinenani saizi ya maharage, nikigusa unauma. Bibi anasema ni mtoki nichuliwe na mafuta ya moto. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Bibi jina kapatia, ni mtoki kweli, ila hiyo ya kuchua hapana aisee. Ile ni tezi ya limfu, kazi yake kama chujio, bakteria wakipanda kutoka kwenye kidonda cha mguu wanadakwa pale kinenani na chembe nyeupe za damu zinapambana nao ndo maana panavimba na kuuma, we ukichua unaiumiza bure tu. Tibu kidonda, kioshe kwa maji safi na sabuni, na hapo kwenye msumari, ulichoma sindano ya pepopunda? Kama hujachoma nenda zahanati leo, usisubiri.

Kwa kawaida tezi inanywea yenyewe ndani ya wiki mbili mpaka nne. Ikipita hapo, au ikawa ngumu haiumi na inazidi kukua, au unatokwa jasho usiku na kukonda, nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC wakapime, maana TB nayo inakaa kwenye tezi (hasa shingoni), VVU na saratani ya limfu pia zinavimbisha. TB dawa zake ni bure, miezi sita hivi.