Kichwa cha mdeki kwa gobore la 50: usinunue kinachokaza!

Hicho kichwa cha mdeki, ile fimbo ya kushindilia na kusafishia mtutu wa gobore, usikilipie bado. Kama ushalipa, kirudishe leo leo. Kwenye ujumbe wako, nilipofika pale uliposema muuzaji kakwambia uchukue kinachoingia kwa nguvu, eti ndicho kinachosafisha vizuri, na kwamba kichwa kimoja kinatosha kushindilia na kusafishia, chai ilinipalia. Maneno hayo hayo niliuziwa na miye, pengine na mtu yule yule.

Changu cha shaba kilipita bila taabu kikiwa kitupu. Nikakivika kipande cha kanga, kikavu, nikasukuma mpaka chini. Kushuka kilishuka. Baruti nyeusi, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa, hubaki masizi na chumvi, na kitambaa kikavu huyakwangua yote na kuyarundika njiani. Wakati wa kurudi kanga ikajikunja kwenye mifereji ya kichwa, ikawa kabari. Nikavuta. Nikamwita shemegi akashika kitako, tukavuta wote. Mdeki ukatoka mtupu, kichwa kimebaki ndani! Kumbe fundi aliyeutengeneza alikibandika kwa gundi tu. Pini hakupitisha, bali alitia kitone cha rangi nyeusi pale pini ilipotakiwa iwepo. Mwizi yule, Mungu anamuona.

Gobore likawekwa pembeni, na masika ndiyo yanaingia. Hapa kwetu hata chumvi ya jikoni inalowa ndani ya kopo. Sembuse chumvi ya baruti iliyoganda kwenye chuma. Mwisho aliyelikwamua ni fundi wa magari. Alihakikisha hamna baruti, akafungua chuchu ya fataki, kile kijitundu cha nyuma kinachovishwa fataki, akaunga pampu ya grisi pale pale, akapiga taratibu mpaka kichwa kikachungulia mdomoni. Tulipofuta grisi tukaviona vishimo vya kutu, na vile havitoki tena. Gobore lenyewe la babu. Wasasi wa Makunduchi msinicheke, mke wangu keshanicheka kwa niaba yenu.

Sasa shika hili, mengine utayajua mbele ya safari: kichwa hakipimwi peke yake, kinapimwa na kitambaa chake. Namba 50, yaani upana wa tundu la mtutu, ni milimita 12.7, lakini haya magobore ya kurithi namba yake usiiamini, pima mdomo wa mtutu kwa kalipa. Kichwa kiwe chembamba kuliko mtutu, na kitambaa kilichochovywa maji ya moto ya sabuni ndicho kijaze nafasi. Kiingize inchi moja tu, uvute. Kikitoka kwa vidole viwili, endelea. Kikitaka mkono mzima, tafuta kitambaa chembamba zaidi au badilisha kichwa. Usijidanganye kwamba kitalegea huko ndani. Hakilegei!

Kitambaa kiwe pamba tupu. Choma ncha ya uzi: ukiyeyuka ukawa donge gumu, si pamba hiyo, na baadhi ya kanga za siku hizi ndivyo zilivyo.

Hicho ni kichwa cha kusafishia; kichwa cha kushindilia ni kingine, kile chenye uso uliobonyea, kisiiponde risasi. Hicho hata ukikosea kidogo hutalia.

Na pini, ndugu yangu! Ugeuze mdeki mbele ya macho ya muuzaji, uone pini imeingia huku na kutokea kule. Akianza kukusifia gundi, chukua pesa zako uondoke.