Ramadhani Inayozunguka Misimu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Uko katika msimu gani wa maisha yako, na imani yako inakufundisha nini juu yake?" Ninajibu nikiwa Tandahimba, mkoani Mtwara, mjane, mkulima wa korosho na bibi wa wajukuu, na jibu langu nimelipata katika mwezi wa Ramadhani kuliko mahali pengine popote.

Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko mwaka wa kalenda ya kawaida. Kila mwaka Ramadhani huwahi kidogo kuliko mwaka uliotangulia, na baada ya miaka kama 33 huwa imepita katika misimu yote na kurudi pale ilipokuwa. Huku kwetu misimu hiyo tunaijua kwa mvua, kwa upepo na kwa mikorosho.

Ramadhani ya mwaka 1983 iliangukia Juni, wakati wa upepo wa kusi. Nilikuwa msichana, na funga ilikuwa nyepesi, kwani mchana wa Juni kwa upande wetu ni mfupi kuliko wa Desemba kwa zaidi ya saa moja, na jua lake si kali. Mwili ulikuwa na nguvu, na nguvu zikiwa nyingi mtu huziona kuwa ni mali yake mwenyewe.

Mwaka 2003 mfungo ulianza mwishoni mwa Oktoba, korosho zikidondoka. Aliyewahi kuokota korosho akiwa amefunga anajua ninachosema: unalishika bibo, lile tunda lenye maji linaloshikana na korosho, unainyonga korosho itoke, maji matamu yanakutiririka mkononi hadi kwenye kiwiko, harufu yake inakujaa puani, na koo limekauka tangu alfajiri. Watoto walikuwa wadogo, ada za shule zilikuwa zinasubiri mauzo, na adhuhuri tulisali chini ya mikorosho juu ya mkeka uliojaa majani makavu, mtoto wa mgongoni akilia kabla sijatoa salamu. Wapo wanaodhani kwamba ibada bora ni ile ya mtu aliyetulia. Mimi, nikiyatazama maisha yangu yote, naiona ile ya shambani kuwa ndiyo iliyonikurubisha zaidi kwa Mola wangu, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuegemea.

Mwaka 2016 Ramadhani ilirudi Juni. Shamba lilikuwa lilelile, vumbi la salfa, dawa ya mikorosho, lilikuwa hewani kama kawaida ya majira hayo, lakini mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na magoti yangu yalikuwa yameanza kukataa sijida. Ndipo aya ya 54 ya Surat Ar-Rum katika Kurani iliponigusa kwa namna mpya. Inasema kwamba Mwenyezi Mungu ametuumba katika udhaifu, kisha baada ya udhaifu akatupa nguvu, kisha baada ya nguvu akaleta udhaifu na mvi. Udhaifu wa mwisho unatajwa kuwa ni kazi yake kama ule wa kwanza, na hilo lilinifariji kuliko maneno yote ya rambirambi.

Sasa nina kisukari na daktari amenizuia kufunga, na kwa ugonjwa usiotarajiwa kupona sheria ya dini inanitaka nitoe fidia, yaani kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku nisiyofunga. Nakiri kwamba kuwapikia wengine futari huku mimi nimekunywa dawa na uji mchana kulinihuzunisha sana mwanzoni. Lakini Mungu aliyeniamuru kufunga nikiwa msichana ndiye aliyeniruhusu kula leo, na kuipokea ruhusa yake kwa moyo mkunjufu ni utii uleule. Nawaona wazee wenzangu wanaoficha maradhi yao ili wafunge, na nawaonea uchungu, maana wanaililia faradhi ya msimu uliokwisha wapita na kuiacha ya msimu waliomo.

Miaka hii Ramadhani inaangukia katika msimu wa mvua. Katikati ya miaka ya 2030 itarudi kwenye mavuno, na wajukuu zangu ndio watakaookota wakiwa na kiu. Nikiwapo, nitapima mchele wa fidia na kuwapikia muhogo wa nazi. Nisipokuwapo, wameshajua kibaba changu kinakaa wapi.