Aseme Anachoweza Kukitetea

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Je, mwalimu awe na uhuru wa kusema lolote darasani?" Nimefundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza shuleni na baadaye chuoni, na jibu langu ni hapana. Naomba nafasi ya kulieleza, maana wapo wanaojibu hapana kama mimi kwa sababu ninazozipinga kwa moyo wangu wote.

Uhuru wa kutoa maoni ni wa kila mtu. Ibara ya 19 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 haimwulizi mtu ana cheti gani wala ushahidi gani. Mtu akisimama njiani akatangaza kwamba dunia ni bapa kama sinia, aachwe aseme. Wapita njia watamsikiliza au watakwenda zao. Mwalimu wa jiografia akiyasema hayohayo darasani, kisha akasahihisha mitihani kwa kipimo hicho, mambo yamebadilika. Mwanafunzi hawezi kwenda zake. Yule anayemsikiliza ndiye atakayempa alama.

Ndiyo maana uhuru wa kitaaluma ni wa namna nyingine, na nadhani kuuchanganya na ule wa kwanza ndiko kunakotupotosha. Anayestahili kuudai ni mtu aliyekubali kubanwa na ushahidi, na kwa kuwa amekubali kubanwa na ushahidi, basi asibanwe na waziri, mfadhili, kiongozi wa dini wala mzazi mwenye cheo. Pendekezo la UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, la Novemba 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu linasema mhadhiri ana haki ya kufundisha na kujadili bila kufungwa na mafundisho aliyoamriwa, na kwamba asilazimishwe kufundisha kinyume cha anachokijua na cha dhamiri yake. Pendekezo hilohilo linamdai atafute maarifa kwa uaminifu na auheshimu ushahidi.

Wanataaluma wa Afrika walikuwa wameliona hilo miaka saba kabla. Azimio la Dar es Salaam la Aprili 1990 na lile la Kampala la Novemba mwaka huohuo yalitaja wajibu wa kijamii pamoja na uhuru, tena kwenye majina yake. Waandishi wake walitoka katika miaka ya vyuo kufungwa kwa amri na wahadhiri kuwekwa kizuizini. Wangedai uhuru peke yake dunia ingewaelewa. Wao wakaongeza wajibu. Kila ninapoyasoma maazimio hayo hunigusa. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 na ya Kenya ya 2010 zimeutaja uhuru wa kitaaluma kwa jina, ndani ya kifungu cha uhuru wa kujieleza. Nafurahi kwamba umetajwa, ila ningependa upewe kifungu chake wenyewe, ili mtu asidhani kuwa kufundisha ni kutoa maoni tu.

Anayetaka kujua inakuwaje mambo haya mawili yakipinduliwa, amtazame Nikolai Vavilov. Alikuwa mtaalamu wa mimea wa Kisovieti aliyezunguka mabara akikusanya mbegu, akiamini kwamba katika aina za kale za nafaka mna sifa zitakazowaokoa watu na njaa. Kazi yake ilisimama juu ya jenetiki, elimu ya jinsi sifa zinavyorithiwa, iliyoanzia kwenye majaribio ya njegere ya mtawa Gregor Mendel. Trofim Lysenko, mtu wa kilimo aliyekuwa amepata sikio la Stalin, mtawala wa Usovieti, aliikana elimu hiyo. Alidai mimea ingeweza kufunzwa tabia mpya na kuzirithisha, na waliomwomba ushahidi waliitwa maadui. Vavilov alikamatwa Agosti 1940. Alikufa Januari 1943 katika gereza la Saratov, mwili wake ukiwa umemalizwa na njaa. Agosti 1948, baada ya kikao cha akademia ya sayansi za kilimo ambacho Lysenko alikitawala, jenetiki iliondolewa vyuoni, maabara zikafungwa na vitabu vikaandikwa upya. Hali hiyo ilidumu hadi katikati ya miaka ya 1960.

Vavilov anakumbukwa, na ni haki yake. Mimi humfikiria zaidi mwalimu wa baiolojia wa shule ya kawaida, ambaye jina lake halikuandikwa popote, aliyeingia darasani muhula ule akijua kwamba sura aliyoifundisha mwaka uliotangulia haifundishwi tena, na mbele yake wamekaa watoto wanaomwamini. Tazameni ilivyokuwa: Lysenko alikuwa na uhuru wa kusema lolote. Vavilov na mwalimu yule walinyimwa uhuru wa kumpinga. Kwa hiyo mtu anayetaka mwalimu aseme atakalo bila kuhojiwa, na mtu anayetaka mwalimu aseme anachoambiwa na wakubwa, mimi nawaona wamesimama karibu kuliko wanavyodhani wenyewe.

Sasa niseme lililo chungu zaidi kwetu walimu. Tunapenda kuilaumu serikali, na mara nyingi inastahili lawama, lakini kwa wanafunzi wengi mtu wa kwanza kuwaziba mdomo ni sisi. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilijibu swali la mtihani kwa kutumia makala mpya niliyoisoma maktaba, iliyopingana na noti za mhadhiri wetu. Nilitaja mwandishi, mwaka na ukurasa. Nilikatwa alama zote za swali lile. Nilipokwenda kuuliza, sikuambiwa kwamba makala ina kosa. Niliambiwa, "Mtihani ni wangu, andika nilivyofundisha." Muhula uliofuata niliandika alivyofundisha, neno kwa neno, nikafaulu vizuri. Kufaulu kule kunaniuma hadi leo. Tunawaambia watoto kwamba kuuliza si ujinga, halafu anayeuliza mara ya pili tunamwita mjuaji. Wenzake wanaona na wananyamaza. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo, wala hakuna shirika la haki litakaloandika ripoti.

Mwanafunzi naye ana sauti yake, hata kama bado ni mtoto. Desemba 1965 wanafunzi kadhaa wa Des Moines, Marekani, walikwenda shule wamevaa vitambaa vyeusi mkononi kuomboleza waliokufa katika vita vya Vietnam. Mary Beth Tinker alikuwa na umri wa miaka 13. Walisimamishwa masomo. Kesi yao ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na Februari 1969 majaji 7 dhidi ya 2 waliamua kwamba mwanafunzi haachi haki zake langoni mwa shule, mradi hajavuruga masomo. Kipimo hicho nakipenda kwa sababu kinatazama kilichotokea darasani, hakitazami kama mwalimu mkuu amechukizwa.

Kuhusu wahadhiri wa mkataba mfupi nitasema machache. Mtu anayesubiri kila muhula kujua kama ataitwa tena hahitaji kukatazwa kitu. Anajipunguzia mada mwenyewe. Pendekezo lile la 1997 linahesabu usalama wa ajira kuwa miongoni mwa nguzo za uhuru huu, na vyuo vinavyojisifu kwa uhuru huku nusu ya walimu wake wakiishi kwa wasiwasi vinapaswa kuulizwa.

Basi nirudi kwenye swali lenu. Mwalimu aseme anachoweza kukitetea mbele ya mtu anayelijua somo, na awe tayari kupingwa na mtu anayeanza kulijua. Kwa kufuata hilo, nilianza kuweka swali moja la hiari mwishoni mwa mtihani wangu: "Chagua hoja moja niliyoifundisha muhula huu, uipinge kwa ushahidi." Mwaka wa kwanza karibu wote waliliacha. Mwaka wa pili, wiki moja kabla ya mtihani, binti mmoja alikuja ofisini. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, nikikupinga kweli, hutanipunguzia alama?" Nikamwambia hapana. Akafikiri kidogo, akaniomba nimwandikie hilo kwenye karatasi. Nilimwandikia, nikatia sahihi na tarehe.