Jibu: Kumbi za viatu vya magurudumu zilifikaje miji midogo?

Ndugu yangu wa Busia, umeuliza ilikuwaje hata vimji vya Marekani vikawa na kumbi za viatu vya magurudumu, wakati sisi huku Tororo tulitelezea lami kwa jozi moja ya kuazimana.

Anza na James Plimpton wa New York. Mwaka 1863 alisajili kiatu cha magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, juu ya mpira unaokubali kuinama. Ukilalia upande, kiatu kinakata kona. Vya kabla yake vilikwenda mbele tu. Kona ilikuwa shughuli! Mwaka 1866 akageuza ukumbi wa kulia chakula wa hoteli moja huko Newport kuwa uwanja wa kuteleza.

Kisha miaka ya 1880 zikaja beringi za gololi (ndizo hizo watoto wetu hufungia baiskeli za mbao) na magurudumu yakawa mepesi.

Mji mdogo ulihitaji nini? Sakafu laini ya mbao tu, hasa za mti mgumu uitwao maple. Pasipo na jengo, wenye biashara walisafirisha hema na sakafu ya vipande, wakihama mji hadi mji. Hilo ndilo linalonifurahisha zaidi.