Hojaji 14 zilizorudi bila majibu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma mwaka wa tatu hapa Mtwara. Utafiti wangu unahusu malipo ya korosho kwa wakulima wa Tandahimba. Kati ya hojaji 60, 14 zimerudi kipengele cha mapato kikiwa kitupu. Katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ndiye aliyenizungusha kwa wakulima. Mwenzangu anasema nikadirie nijaze mwenyewe, msimamizi hatajua. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Usijaze hata moja. Kuandika jibu ambalo mkulima hakulitoa ni kughushi data, na ukishafanya hivyo hata zile 46 za kweli haziaminiki tena. Andika wazi: wahojiwa 46 kati ya 60, kama asilimia 77, walijibu kipengele cha mapato. Hakuna aibu hapo.

Kilichonishtua zaidi ni huyo katibu. Tangu msimu wa 2007/08 korosho za Mtwara zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mzigo hukusanywa ghalani kwa risiti kabla ya kuuzwa, na mkulima hupeleka mzigo wake kupitia chama cha msingi. Wewe umemuuliza habari za malipo na makato, kiongozi wa chama amesimama pembeni! Aseme nini, na kesho magunia yake yanapimwa palepale? Wale 14 huenda waliogopa tu. Na waliojibu, wangapi walisema lile lisilowaletea matatizo? Ridhaa ya namna hiyo si huru, na lazima ukiri udhaifu huo kwenye ripoti.

Msimamizi akikuruhusu kurudi, chukua barua ya utambulisho, pitia halmashauri na kwa mtendaji wa kijiji, kisha nenda nyumbani kwa mkulima bila kiongozi yeyote. Ukihitaji mkalimani wa Kimakonde, asitoke kwenye chama. Mweleze mkulima kwamba anaweza kukataa, au kuruka swali, na hatapoteza chochote. Asiyesoma msomee fomu yote kabla ya kuweka dole gumba, mbele ya shahidi anayemwamini. Akikataa tena, mshukuru uondoke.

Majina badili kwa namba, na orodha ya simu itunze mbali na hojaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata wewe mwanafunzi. Lakini namba pekee haitoshi: ukiandika "mjane mwenye ekari 40 jirani na ghala", kijiji kizima kimeshamjua.

Yote haya, habari ya katibu ikiwemo, mwambie msimamizi wako kabla hujapanda gari la Tandahimba.