Katuni iliyolaaniwa imefikaje sebuleni kwangu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Binti yangu wa darasa la pili alikuwa anaangalia Tom na Jerry za zamani kwenye flashi niliyojaziwa mjini. Akatokea yule mama mweusi mnene, mtumishi wa nyumbani. Binti akauliza, "Baba, mbona huyu mama hana kichwa?" Nilidhani katuni hizi zililaaniwa zikafutwa. Imekuwaje?
Baba wa Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mtoto ajibiwe. Watasema mchoro umekaa usawa wa macho ya paka, lakini wenye nyumba weupe waliokuja miaka ya 1950 hatimaye walichorwa na nyuso zao. Mwambie hivyo hivyo, bila kuzunguka. Kisha mtafutie picha ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi aliyempa mama yule sauti, amwone uso.

Zililaaniwa kweli, tena kwa haki. Chama cha NAACP cha Wamarekani weusi kilimlalamikia mhusika huyo, na baada ya 1952 hakuchorwa tena. Miaka ya 1960 baadhi ya filamu zilichorwa upya kwa ajili ya televisheni, akawekwa mwanamke mweupe. Nyingine zilibadilishwa sauti tu. Za awali hazikuchomwa moto. Yako ni mojawapo.

Wala si Tom na Jerry tu. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists iliziondoa kwenye televisheni katuni 11 za Warner Bros. zilizotudhalilisha watu weusi. Jungle Jitters ya 1938, inayotuchora Waafrika kama wala watu, imo. Hakimiliki yake haikuhuishwa, kwa hiyo leo yeyote anainakili bila kumwomba mtu ruhusa. Nane kati ya hizo 11 zilionyeshwa tena Hollywood mwaka 2010.

Na flashi zetu unazijua. Kijana wa bandani anakuuliza, "Za Kikorea, za Kihindi au za watoto?" Ukisema za watoto, ananakili folda nzima, hafungui hata moja.

Hapo ndipo ninapoumia. Kwenye DVD za Tom na Jerry, ambazo sasa ni mali yao, Warner waliweka onyo kwamba dhihaka hizo zilikuwa makosa wakati ule na ni makosa leo. Onyo hilo halinakiliwi kwenye flashi. Katuni inamfikia mtoto wa Njiro peke yake, bila neno la mtu mzima. Kwa hiyo usiifute kimyakimya. Atakutana nayo kwa jirani. Kaa naye, iangalieni pamoja mpaka mwisho, useme wewe.