Kabla ya rimu na tinti, tandika mkeka chini ya gari

Hapa Mtwara mjini, ukipita gerejini siku ya Jumamosi hutakosa kijana anayefungiwa rimu za kung'aa na taa za buluu chini ya bampa. Simlaumu. Gari likipendeza, hata mwenyewe unatembea kifua mbele. Lakini mimi nina miaka minne nalitengeneza la kwangu kwa mikono yangu, IST ya injini ndogo ya 1.3 inayobeba watu watano na mizigo yao, na ukiniuliza pa kuanzia nitakuambia utandike mkeka uingie uvunguni.

Tunakaa Shangani, bahari iko jirani. Upepo wa kusi ukivuma usiku kucha, asubuhi ukipitisha kidole kwenye kioo na kukilamba, unaonja chumvi. Chumvi hiyo imekaa pia kwenye kila nati na kila mkunjo wa bati usiouona, na kwa kuwa inavuta unyevu hewani, bati halikauki hata siku za jua kali. Kutu yetu huanzia ndani. Siku unapouona uvimbe mdogo kwenye rangi juu ya tairi la nyuma, bati kwa upande wa pili limeshaliwa.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya chini. Kwanza gari lisimame juu ya stendi za chuma, mahali pagumu na tambarare. Jeki peke yake usiiamini hata kwa dakika moja. Na kwa sisi wa mchangani, weka ubao mpana chini ya kila stendi isije ikazama. Osha kwa maji baridi yasiyo ya kisima chenye chumvi, toa udongo wote uliojaa nyuma ya vizuia tope, kisha uache likauke siku mbili nzima. Baada ya hapo ni brashi ya waya na msasa mpaka ukutane na chuma, dawa ya kutuliza kutu, redi oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), na mwisho rangi nzito ya chini. Usipake kwenye bomba la moshi, diski za breki wala mipira.

Mara ya kwanza niliharakisha. Nilipaka ile rangi nzito jioni ya siku niliyoosha, bati likiwa bado na unyevu. Masika moja tu yalipopita, rangi ilibanduka vipande vipande, na chini yake kutu ilikuwa imestawi kuliko nilivyoiacha, maana nilikuwa nimeifungia maji. Nilirudia kazi yote. Wapo wanaopulizia oili chafu, na ni kweli inazuia kutu kwa muda, ila inalainisha bushi za mpira mpaka zinavimba na kukatika, na inayodondoka inaingia ardhini tunakochota maji. Mimi sifanyi.

Jambo jingine dogo ambalo wengi hawalijui: chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Mchanga na majani vikiviziba, maji ya mvua yanabaki ndani ya mlango kama kwenye ndoo. Chukua waya laini, vizibue kila mwisho wa mwezi. Hakuna gharama.

Sasa buti. Mama mkwe yuko Newala, ana mikorosho, na kila mwaka kabla ya mikorosho kutoa maua kuna safari ya kupeleka salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Mifuko ya kilo 25 huvuja, hata uifunge vipi. Unga ule ukiingia chini ya kapeti ukakutana na unyevu, unakula chuma. Niliwahi kuinua kapeti la buti nikakuta sakafu ina madoa ya njano yenye kutu katikati, na watoto walikuwa wakilalamika harufu siku zote. Nilichofanya ni kukata plaiwudi kwa kufuata umbo la sakafu, nikitumia boksi kubwa kama ramani, nikaipaka vanishi pande zote mbili na kingo zake, kisha nikaifunika kwa turubai nene linalopanda kuta zote kama beseni. Turubai halijagongewa msumari hata mmoja, linatoka, linakung'utwa, linaoshwa. Kwa maoni yangu, hii ndiyo kazi bora kuliko zote nilizofanya kwenye gari hili, na ilinichukua mchana mmoja tu.

Niliposhika njia ya Newala kwa mara ya kwanza, lami iliishia Mnivata. Kutoka hapo mbele, tumbo la gari liligusa chini mara nyingi, na niliporudi nikawa na hamu ya kulinyanyua. Watu watakushauri uweke spesa nene, yaani kipande cha kuinua gari, juu ya springi. Fikiria kwanza. Gari hili linavutwa na magurudumu ya mbele, na ukilinyanyua sana jointi za ekseli zinafanya kazi zikiwa zimepinda, mifuko ya mpira inayozifunika inachanika, grisi inamwagika, mchanga unaingia, na baada ya muda unasikia mlio wa kokoko kila unapokata kona. Mimi niliishia spesa za inchi moja, nikaenda kupima alaimenti (unyoofu wa magurudumu) siku ileile, nikashusha na mwanga wa taa maana pua ya gari ilikuwa imepanda.

Kwenye matairi, hesabu iko wazi. Langu lilikuja na matairi ya saizi 175/65 R14, yaani kipenyo cha takriban milimita 583. Ukiweka 185/70 R14 kinakuwa kama 615. Gari linapanda nusu ya tofauti hiyo, milimita 16 tu, na spidi mita inaanza kukudanganya: ikisoma 80, wewe uko 84. Pia hakikisha tairi haligusi fenda usukani ukikatwa mpaka mwisho, gari likiwa na watu wote ndani. Mama mkwe alipopanda mara ya kwanza baada ya kazi hiyo aliniambia, "Baba, safari hii mgongo umesalimika." Sifa hiyo kwangu inatosha.

Taa zinahitaji heshima. Usiku kati ya Mtwara na Mingoyo kuna waendesha baiskeli wasio na taa, kwa hiyo naelewa anayetaka mwanga zaidi. Lakini balbu ya LED ndani ya taa iliyoundwa kwa balbu ya kawaida hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja. Anza kwa kusugua kioo cha taa kilichofifia kwa msasa wa maji, namba 800, kisha 1500, kisha 2000, upolishi na upulizie klia, ile rangi isiyo na rangi. Utashangaa. Ukiongeza taa za ukungu, mbili za wati 55 zinavuta zaidi ya ampea 9, na hizo hazifai kupita kwenye swichi ndogo ya dashibodi. Tumia rilei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, na ufuate namba za pini zake: 30 itoke betri kupitia fyuzi ya ampea 15 iliyofungwa karibu kabisa na betri, 87 iende kwenye taa, 86 kwenye swichi, 85 kwenye bodi. Jirani yetu mmoja aliunga moja kwa moja bila fyuzi, waya ukachubuka kwenye bati, ukaanza kutoa moshi watoto wakiwa siti ya nyuma. Walishuka salama.

Rangi mpya ya gari zima mimi sijaigusa. Ukiamua kubadilisha, kumbuka rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, pitia TRA mapema.

Kilichobaki kwangu ni makava ya viti. Fundi cherehani wa Chikongola ameshachukua vipimo, na Jumamosi nitavitoa viti vya mbele. Waya wa betri utatoka kwanza, nisubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa soketi yoyote ya njano, kwa sababu hizo ni za eabegi, mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga.